Kipimo cha Kiberiti

Sisemi nondo ya kufungia zege.
Nasema nondo mdudu, mnene kama kidole gumba,
mbawa za mbele kijani, za nyuma hudhurungi,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Ndugu zake wametapakaa duniani:
yuko avukaye milima na bahari,
yuko aliyebeba fuvu la mtu mgongoni.
Huyu hana safari.
Kisiwa kimoja, Kauai, wala si kisiwa kizima:
ni ule utosi wake wa ukungu,
penye mvua isiyojua Jumapili
na miti ya ohia iliyofuga ndevu za ukoga.
Kiwavi wake hula jani gani?
Haunani hajapata wa kumwambia.

Baba yake, Fermin Pacleb, alimwona mara moja,
mwaka ule mashamba ya miwa yalipoanza kupunguza watu.
Saa tisa usiku, ametoka kufungua mifereji huko juu,
matope magotini,
akamkuta ametua chini ya taa ya choo cha kambi.
Kamera hana. Ana kiberiti.
Akakisogeza taratibu, akapima bawa hadi bawa:
viberiti viwili kasoro ukucha.
Akachora nyuma ya hati ya mshahara,
akapaka kwa kalamu ya nta ya bintiye,
kipande kilichobaki cha kijani.

Kambi ikacheka wiki nzima.
Pombe ya miwa hiyo, Fermin!
Wakamwita Bwana Kijani
mpaka siku ya kumzika.

Haunani mchana huuza stempu posta ya Waimea.
Februari, giza la mwezi likiingia,
hupanda na gari hadi barabara inapokata tamaa,
akatundika shuka jeupe kati ya miti miwili,
jenereta ikikohoa kama mvuta sigara.
Huja vinondo vidogo kama majivu,
huja mbawakawa, akazama kwenye kahawa.
Miaka kumi na tisa. Mashuka manne yamechakaa.
Dada yake humwambia:
wenzio wakikesha, wanakesha kwa maombi.

Usiku ule petroli iliisha kabla ya saa nane.
Giza likafunga kama kifuniko.
Akatoa tochi yake nyekundu, isiyoshtua wadudu,
akaanza kukunja.

Kwenye pindo la shuka, kitu.
Mbawa zimelala nyuma kama za ndege ya vita.
Lakini chini ya taa nyekundu kijani hufa,
huwa kijivu, huwa cheusi,
na yuko nondo mwingine, wa viazi vitamu,
wa kijivu tangu kuzaliwa,
mwizi wa kila bustani kisiwani.
Ni yupi?
Taa nyeupe itasema.
Taa nyeupe itamfukuza.
Subira huvuta heri, sawa,
lakini subira haiwashi tochi.

Akabonyeza.

Moja: kijani.
Si cha kasuku, si cha mgomba;
kijani cha jani lililolambwa na mvua
ambalo halijawahi kuona kiangazi.
Mbili: kifua kikaanza kutetemeka,
kikipasha moto injini yake.
Tatu.

Hakukuwa na nne.

Akashuka mlima polepole, madirisha wazi.
Majogoo wa mwituni waliwika njia nzima,
hao hawana saa.
Nyumbani akaitoa ile hati kwenye bahasha,
akaiweka chini ya balbu ya jikoni.
Rangi ya baba haikufanana hata kidogo.
Nta ya mtoto, wangeipata wapi rangi ile?
Akachukua kiberiti cha jiko,
akakilaza juu ya mchoro,
akakisogeza, akakilaza tena.

Viwili. Kasoro ukucha.

Asubuhi, dirishani posta,
mzee Tadao, aliyecheka kuliko wote kambini,
akauliza kama kila Februari:
Vipi, umempata wa baba yako?

Haunani akalamba kidole, akafungua daftari.
Stempu ngapi, akasema.